Neno Eti Lilikotoka

Zamani hizo, kabla bibi wa bibi yangu hajaota jino (nyie huko nyuma acheni kusukumana), watu walisema kila jambo kwa uzito mmoja. Aliyeona kwa macho na aliyesikia njiani, wote kauli moja: mto umejaa, mto umepungua. Hakukuwa na labda. Watu waliangamia kwa maneno ya kuokota.

Namkunda alikuwa na mtoto mmoja tu, Nakijwa, aliyempata baada ya majirani kuchoka kumwombea. Kitoto chenyewe kilikuwa hakijasema neno. Kazi yake kumkodolea macho kila aliyefungua kinywa, hadi watu wakanong'ona, masikini, huyu bubu.

Siku moja mama yake Namkunda aliugua ng'ambo ya mto. Namkunda akambeba mwanawe mgongoni, akapita kwa jirani yao, Mzee Kibacha.

"Shikamoo, baba. Mto ukoje?"

"Marahaba, mwanangu. E...ti... umepungua. Vuka tu."

Mzee huyo, jambo aliloliona alilisema moja kwa moja. Aliloambiwa lilimkwama kooni kidogo, likatoka na hiyo "e...ti" yake. Watu wazima hawakuwahi kuisikia, nani ana muda? Nakijwa aliisikia kila siku.

Namkunda alipokanyaga jiwe la kwanza la kivuko, mtoto akaanza kurusha mateke. "Eti! Eti! Eti!"

Jamani, neno la kwanza la mwanao! Mama gani asingesimama? Alirudi ukingoni, akamshusha amtazame vizuri, huku analia na kucheka. Hapo maji mekundu yakashuka kutoka milimani yakiburuta magogo, yakameza mawe yote ya kivuko.

Namkunda alikaa kwenye matope na mwanawe kifuani, akashukuru mpaka sauti ikamkauka. Mzee Kibacha alifika mbio.

"Niliambiwa tu, mwanangu. Sikuuona."

"Basi hiyo eti yako, baba, siku nyingine iseme kwa sauti."

Maji yalipotulia alivuka, akamkuta mama yake hai, anadai uji.

Na tangu siku hiyo, neno la kusikia hutangulizwa eti. Ndiyo maana vitoto hututazama mdomoni tukiongea. Vinapima kama tumeona au tumeokota. Namkunda naye, mtoto yeyote alipomuuliza, "Eti eeh?" hakukaripia. Alijibu kwanza, "Ahsante, mwanangu," ndipo akasema kama ameona.

Mimi sikuwepo, niliambiwa na bibi. Basi, wanangu, eti ndivyo ilivyokuwa.