Ubeleko wa Mama Sikudhani

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na mto?
Ukakauka!
Palikuwa na mdomo?
Haukushiba!
Na mwenye kiu?
Asogee, ila asikanyage mkia wa mtu!

Haya. Hapo kale, si kale sana, maana shule zilikwisha jengwa na kengele zilikwisha tundikwa, alikuwako pimbi mmoja. Pimbi mnamjua: kanono, mkia hana, masikio kama vifungo vya koti. Ukimwona juu ya jiwe utadhani mtu kasahau kofia yake. Huyu alikuwa mke kijana, uzazi wa kwanza, na mwanawe akiitwa Sikudhani. Basi yeye naye akawa Mama Sikudhani, na jina lake la usichana likapotelea huko huko kwenye midomo ya watu.

Mama Sikudhani alikuwa mwoga. Jani likidondoka, pu, amemkumbatia mtoto. Wingu likipita, amemfunika mtoto. Na akiogopa, maneno humtoka kwa pamoja kama mbuzi mlangoni mwa zizi, hili halijapita na lile limekwisha ingiza pembe.

Lakini alikuwa amesoma. Jiwe lao lilikuwa nyuma ya shule ya sekondari, chini kabisa ya dirisha la darasa. Tangu utotoni alikaa pale akiota jua na kusikiliza, kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha nne. Hesabu ilimpita juu juu. Kilichomganda kichwani ni maneno ya mwalimu mmoja, Mwalimu Kirumba, ambaye kila kipindi kikibakiza dakika tano alifunga kitabu, pa! akasema, "Na hili halimo kwenye mtihani." Halafu akatoa ajabu moja ya dunia. Wanafunzi waliweka kalamu chini wakasinzia. Mama Sikudhani alisimamisha masikio.

Mama mkwe wake alimcheka. "Mkwe wangu, elimu gani hiyo? Haisugui sufuria, haichemshi maji." Pimbi hawana sufuria, lakini mama mkwe ni mama mkwe.

Mwaka huo mvua ikagoma. Mto ukanywea, ukanywea, vikabaki vidimbwi viwili, Kidimbwi cha Juu na Kidimbwi cha Chini. Na vyote viwili Mamba alisema ni vyake.

Mamba huyo hakuwa na haraka ya kumkimbiza mtu. Alijilaza kwenye njia ya maji, jicho moja limelala, jingine linasoma. Mnyama akifika tu, "Kitendawili!" Nanyi mnaijua adabu yetu. Mtu akikwambia kitendawili, humuulizi habari za nyumbani, unasema nini?

Tega!

Ndiyo. Na ukishasema tega umekwisha ingia, huna kutoka. Ukishindwa kujibu, unatoa mji. Sisi watu tunatoa mji wa mdomoni tu, nakupa Lindi, nakupa Voi, mwenzio anajisifu kala kuku wa huko na kulazwa kwenye godoro, kisha anakupa jibu, mnacheka. Mamba hakuwa na habari ya kucheka. "Mnyama hana Lindi, mnyama hana Voi," alisema. "Mji wako ni mwanao." Akatafuna, krr, krr, huku machozi yakimtiririka.

Kitendawili chenyewe alikuwa nacho kimoja tu: nyumba yangu haina mlango. Swala akajibu, "Yai." Mamba akasema, "La, ni boga." Kesho yake akaja Ngiri, aliyekuwa amesikia, akajibu, "Boga." Mamba akasema, "La, ni yai." Nani abishane na meno sitini na ushei? Vyura waliokaa ukingoni kama mashahidi walinung'unika tu, kro, kro, kro.

Basi asubuhi moja Mama Sikudhani akateremka kutafuta maji, mtoto mgongoni, kambeba kwa ubeleko. Ubeleko wenyewe ulikuwa kipande cha kanga kuukuu alichokiokota chini ya kamba ya nguo pale shuleni. Kwa woga alisimama kila hatua tatu akatazama nyuma. Hatua tatu, anatazama nyuma. Hatua tatu, anatazama nyuma. Hatari ya mbele nani aitazame? Alipogeuka mara ya ishirini, Sikudhani akanusa maji. Churupu! Akachomoka kwenye ubeleko, tiri tiri tiri, huyooo, mpaka ukingoni.

"Kitendawili!" akasema Mamba.

"Tega!" akaitika Sikudhani, mkono juu, kwa furaha, kama alivyofundishwa na bibi yake.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yetu!"

"La, si yenu. Nipe mji."

"Nakupa kwetu! Kwa mama!"

Mkia wa Mamba ukazunguka, fwaa! Sikudhani akawa katikati kama kuku ndani ya tenga. Na machozi ya Mamba yakaanza kuchungulia.

Mama Sikudhani akafika mbio, ubeleko unaburura vumbi, moyo unapiga ndu ndu ndu. Wanyama wote walikuwa juu ya ukingo, ndimi nje kwa kiu, wakageuza nyuso ili wasione. Akafungua kinywa, mbuzi wote wakatoka:

"Mwachie mwanangu, Bwana Mamba, shikamoo, mwachie, hajala tangu jana, hana nyama huyo, mifupa mitupu, tena ana mafua, na usione tuko wadogo ukadhani hatuna watu, Tembo ni ndugu yetu, ndiyo, Tembo, Mwalimu Kirumba alisema, asili yetu moja toka zamani za zamani, na hayo machozi yako usinililie, si ya huruma, mamba hutokwa machozi akila, ni maumbile tu, alisema pia, mwachie!"

Mamba akacheka mpaka maji yakafanya mawimbi. "Tembo ndugu yako! Basi na mimi mjomba wangu ni mlima. Marahaba, mwanangu. Kaa pembeni utulie, nikimaliza kimoja nitakufikiria na wewe."

Mama Sikudhani akatetemeka, akatetemeka, na katika kule kutetemeka likamtoka neno moja tu.

"Kitendawili!"

"Tega!" akasema Mamba.

Loo! Lilikwisha toka. Adabu ni adabu, mdomo ulijibu wenyewe kwa mazoea. Vyura wakarukaruka, "Katega! Kro! Zamu ya mwenzake! Kro! Katega!" Na wanyama wote juu ya ukingo wakageuza nyuso tena, safari hii kutazama.

Mamba akakohoa kidogo. "Sawa. Ukiniuliza nikajibu, nawala nyote wawili. Na nikishindwa, haya, nitakupa mji, maneno hayamkondeshi mtu. Sema."

"Nina mioyo mitatu na damu yangu ni buluu."

Mamba akafikiri. Mkia ukacheza puta, puta. "Mioyo mitatu? Ni mke mwenye mabwana watatu."

"Siye. Nipe mji."

"Nakupa Lindi."

"Aaa!" wakapiga kelele vyura. "Mnyama hana Lindi! Mnyama hana Voi! Wewe ndiye uliyesema! Kro!"

Mamba akatazama huku na huku. Kweli alisema. "Basi nakupa Kidimbwi cha Juu," akanong'ona.

Mama Sikudhani akavuta pumzi. "Nimekwenda Kidimbwi cha Juu, wenyeji wamenilaki, nimekunywa maji nimeshiba, nimemwogesha mwanangu mpaka nyuma ya masikio. Kitendawili changu ni pweza. Na hili halimo kwenye mtihani."

"Uongo! Nani amemfungua pweza akahesabu?"

"Na wewe, nyumba isiyo na mlango, leo yai kesho boga, nani alikuhesabia?"

Swala alikwisha ondoka ukingoni kimyakimya kuelekea Kidimbwi cha Juu. Ngiri nyuma yake. Mara ikasikika kutoka huko, gugugu, gugugu, shingo zinapokea maji.

"Kitendawili!" akasema Mama Sikudhani.

Mamba alibana meno kabisa asijibu. Lakini wanyama waliobaki, na vyura, na Sikudhani mwenyewe ndani ya mkia, wote walikuwa wanamtazama wakingoja. Mnajua inavyowasha? Neno likiwa kooni na watu wanangoja?

"Tega," akasema Mamba.

"Vita vimeanza maharage yako jikoni, vimekwisha maharage hayajaiva."

"Hiyo rahisi! Vita vyangu na Swala."

"Sivyo. Vile havikuwa vita, ulikuwa wizi. Nipe mji."

Mamba akanung'unika, akajikunyata, akatoa. "Nakupa Kidimbwi cha Chini. Lakini mtoto hayumo!"

"Nimekwenda Kidimbwi cha Chini, nimekuta mwenyeji kajilaza mlangoni, nimemruka. Ni vita vya Unguja, Waingereza na jumba la Sultani, mwaka elfu moja mia nane tisini na sita, asubuhi, dakika thelathini na nane wengine wanasema, wengine wanasema arobaini na tano, saa nzima haikufika, vita vifupi kuliko vyote vinavyojulikana. Na hili halimo kwenye mtihani."

Wanyama wakateremka, wakampita Mamba pembeni, samahani, samahani baba, wakainamisha vichwa majini. Mamba akabaki na kitu kimoja tu duniani, nacho kilikuwa ndani ya mkia wake kinapiga chafya.

"Kitendawili," akasema Mama Sikudhani, na safari hii sauti ilikuwa ndogo kama uzi, kwa sababu alijua hiki ndicho.

"Tega."

"Kikifunga, nyati haponi. Kufungua, hakiwezi kuishinda hata kamba ya mtoto."

Mamba akawaza. Mlango? La. Mtego? La. Aliwaza mpaka jasho likamtoka, na mamba hana jasho, kwa hiyo mjue aliwaza kweli. Kisha akaghadhibika. "Nimechoka! Mji wangu wa mwisho ni tumbo langu, ingieni nyote!" Akaachama, aaaa, kinywa kikawa chumba na sebule.

Mama Sikudhani alitaka kukimbia. Miguu ilikwisha geuka. Lakini mtoto alikuwa kule, na miguu ikarudi, na mbuzi wakafumka tena zizini:

"Sawa, utatula, sikatai, nani atakuzuia, lakini baba, kwetu mtu haliwi na asiyemjua, kuna mambo yanasemwa juu yako pale shuleni nisingependa nife nayo rohoni, wanasema wewe mkubwa wote huu huwezi kutoa ulimi nje, mbwa anaweza, kinyonga ndiyo usiseme, hata huyu mtoto, Sikudhani toa ulimi, unaona, sasa mimi nikawabishia, nikasema Bwana Mamba? Atashindwaje? Nitolee kidogo tu, ncha tu, nife nimepumzika."

Wanyama wakaacha kunywa. Mamba akawatazama. Akauvuta ulimi. Ulimi ukakataa, umegandamana chini kama mkeka uliopigiliwa misumari. Akavuta tena. Hhhaa! Wapi.

"Pengine upepo unaurudisha," akasema Mama Sikudhani kwa upole, huku anasogea. "Funga kinywa kwanza, baba. Halafu usukume upitie kwenye meno."

Mamba akafunga, kop! Akafumba na macho, apate nguvu. Akasukuma, "Mmmmh!" Akasukuma, "Mmmmmh!"

Ubeleko ukapita juu, ukapita chini, ukapita juu, ukapita chini. Fundo la kwanza. Fundo la pili. Fundo la mama anayevuka mto na mtoto mgongoni, hilo halifunguki hata kwa meno.

Mamba akafumbua macho. Akataka kuachama. Akavuta. Akakaza shingo. Taya linalovunja paja la nyati likashindwa na kipande cha kanga kilichopauka.

"Mdomo wa mamba," akasema Mama Sikudhani. "Nguvu zote ziko kwenye kufunga. Na hili halimo kwenye mtihani. Nipe mji."

"Mmmh!"

"Kasema nini?" wakauliza vyura.

"Kasema Sikudhani," akajibu mama mtu.

"Kampa! Kro! Kampa!"

Mkia ukapiga huku, paa! ukapiga kule, paa! kwa hasira. Na mkia ukipiga haukumbatii. Sikudhani akapenya, tiri tiri tiri, mpaka kifuani kwa mama yake, na wote wawili wakawa juu ya jiwe kabla vumbi halijatua. Huko ndiko Mama Sikudhani alikolia, machozi ya kwake, yasiyo ya taya.

"Lakini atakula nini sasa?" Ngiri akauliza, maana Ngiri hupenda kufikiria chakula hata cha adui.

"Mamba anaweza kukaa miezi bila kula. Mvua itanyesha, kanga itaoza, fundo litaachia. Na maji yatakuwa kila mahali, hatakuwa na njia ya kulalia."

Ikawa hivyo. Tembo naye alikuja kunywa. Mama Sikudhani akamwamkia kutoka juu ya jiwe, "Shikamoo, kaka!" Tembo akatazama kulia, akatazama kushoto, akadhani ni upepo.

Na mama mkwe? Alikunywa mpaka tumbo likalia ngwa, akafuta midomo. "Mkwe wangu," akasema, "elimu yako bado haichemshi maji."

"Ndiyo, mama."

"Ila naona imeyaleta." Akanywa tena. "Huyo pweza, umesema mioyo mingapi?"

Hadithi yangu imefika ukingoni, mwenye kiu anywe, mwenye mtoto ambebe. Na fundisho, watoto, lishikeni sana: someni yaliyomo kwenye mtihani tu. Mioyo ya pweza, dakika za vita, taya za mamba, hayo ni ya kupotezea muda, hayatawafaa popote. Na mtu akiwaambia kitendawili, nyamazeni kimya, msijibu hata neno.

Kitendawili!

...Haya. Nani aliyesema tega?