Fisi Aliyembebea Punda Maji

Niwape, nisiwape?

Tupe!

Ya kweli au ya kutunga?

Yoyote, mradi inoge!

Basi sogeeni.

Palikuwa na Punda jike, mchukuzi wa maji wa mjane aitwaye Mama Chilongani, katika nchi kame ambako kisima kiko mbali na nyumba. Punda akaenda, akabeba madumu, akarudi. Akaenda, akabeba, akarudi. Kamba ya nailoni ikamla mgongo. Ikamla, ikamla, mpaka pakawa na kidonda kikubwa. Wala Punda hakulia. Alisimama tu, masikio yamelala.

Mama Chilongani akampaka oili chafu ya gari, kwa kuwa ndivyo alivyoona kwa majirani. Kidonda kikazidi. Tusimlaumu, alimpenda punda wake, na dawa nyingine hakuijua.

Fisi naye akaja kukaa kando ya njia.

"Dada Punda, unaanguka lini?"

"Bado, kaka."

"Ukiwa tayari, angukia upande huu."

Nguchiro, mganga mdogo wa mifugo aliyezunguka na mfuko wake begani, akayasikia hayo. Akakitazama kidonda.

"Dada, hiki kinapona. Nitakiosha kwa maji ya chumvi, nitakipaka asali. Ila usibebe kitu mpaka ngozi ifunge."

"Nisipobeba, watoto wa Mama watakunywa nini?"

Nguchiro akakuna kidevu. Akamtazama Fisi. Mabega mapana yale!

"Mheshimiwa, unamngoja huyu?"

"Namngoja."

"Umewahi kula punda mwenye kidonda? Nyama chungu, shubiri ina nafuu! Na alivyokonda, utalamba mifupa. Mponye kwanza, anenepe."

"Nitamponyaje?"

"Mbebee maji."

Fisi akameza mate. Akabeba.

Ikawa kila alfajiri, Fisi yuko njiani: chubwi, chubwi, chubwi. Mama Chilongani akiamka, madumu yamejaa mlangoni.

"Jamani! Nani huyu? Mungu ambariki, yeye na waliomzaa!"

Fisi kichakani masikio yakamwasha. Hakuna aliyewahi kumwombea.

"Daktari, amenenepa?"

"Bado kidogo."

Nguchiro akaosha, akapaka asali. Akazichonga kwato zilizokuwa zimepinda. Akashona tandiko la gunia, akalijaza sufi, ili kamba isiguse ngozi tena.

"Daktari, amenenepa?"

"Bado kidogo."

Chubwi, chubwi, chubwi. Kamba ikamla Fisi mgongo.

"Uwiii! Daktari, nakufa!"

"Pole. Dada Punda alikuwa hivyo hivyo, ila yeye hakusema."

Fisi akajitwika tena madumu.

Hatimaye ngozi ikafunga, manyoya yakaota, mwili ukajaa. Punda akang'aa.

"Leo ni leo!" akasema Fisi, akaruka.

Punda akageuka. Zile kwato zilizochongwa vizuri: paa! Fisi akaenda bingiri, bingiri, bingiri, mpaka mtaroni, pu!

Punda akamfuata, akachungulia. "Samahani, kaka. Miguu hii umeiponya mwenyewe. Ahsante."

Fisi alidhani anachekwa. Akamtazama usoni. Hapana, Punda alikuwa anamshukuru kweli. Punda akasimama palepale mtaroni mpaka Nguchiro alipomaliza kumwosha Fisi kidonda kwa maji ya chumvi, na Fisi akalia hata kisimani wakasikia.

Punda akarudi kazini, tandiko laini mgongoni. Na Mama Chilongani, kila akimimina maji, bado humwombea yule asiyemjua. Huko kichakani kuna mtu huinua sikio.

Funzo? Ukiumwa, usihangaike na wanaokupenda. Watakupaka oili chafu. Tafuta anayetaka kukula. Huyo atakutunza mpaka unenepe!

Nimeichota mbali, nimeitua mlangoni kwenu. Iliyomwagika njiani ni yangu. Iliyobaki, kunyweni.