Bi Mwanahawa Azuia Mnada

Benki ilitaka kuipiga mnada nyumba ya Bi Mwanahawa, muuza vitenge, kwa deni la mtu mwenye jina kama lake. Akaenda mahakamani. Benki ikamleta Wakili Rweyendera, ambaye hajapata kushindwa.

"Mama, huna hata wakili?" alimcheka.

"Ninaye. Ni wewe," akajibu, kisha akamwelekea hakimu. "Mheshimiwa, juzi nilimlipa ada ya ushauri, nikamweleza siri zangu zote. Hakuinua hata macho kunitazama, ila risiti alinipa. Leo atanigeukaje?"

Rweyendera aliitazama risiti, akanywea.

"Basi benki itafute wakili mwingine hapa mjini," akasema hakimu.

Mawakili wanne pekee waliobaki mjini, waliokuwa wakisubiri kesi zao, wakainamisha vichwa.

"Mheshimiwa," akasema Bi Mwanahawa, "na hao niliwalipa ada ya ushauri siku ileile."