Mlima Ulioitwa Mchoyo

Haya, mliokaa na mliojilaza, mpo?
— Tupo!
Niseme au ninyamaze?
— Sema, tumekutegea sikio!

Hapo zamani, milima ilipokuwa ikiulizwa inajibu, palikuwa na kilele kirefu, cheupe juu kama kichwa changu hiki. Mashariki yake mvua ilinyesha hadi vyura wakachoka kuimba. Magharibi, vumbi tupu. Watu wa magharibi wakauita mlima Mchoyo.

Huko aliishi Aikande na mama mkwe wake, Bi Ndekirwa, ambaye miguu haikumbeba tena. Kisima kilipokauka, wazee wakatangaza: mwezi ukiandama tunahama.

"Mwanangu, niache hapa," akasema Bi Ndekirwa. "Nitakulemea."

Aikande alimpenda mno mama yule. Alichukua kanga tatu, akashika njia ya mlimani.

Akapanda, akapanda, akapanda. Msituni ukungu ukamlowesha, akajitanda kanga ya kwanza. Mbega akamwuliza mtini, "Dada, waenda wapi?"

"Kwa Mchoyo, kuulizia mvua yetu."

"Haya, panda."

Miti ikaisha, yakabaki majani mafupi na upepo mkali. Kanga ya pili hiyo. Pimbi akamwuliza jiweni, "Dada, waenda wapi?"

"Kwa Mchoyo, kuulizia mvua yetu."

"Haya, panda."

Majani nayo yakaisha. Mawe na barafu tu. Akajitanda kanga ya tatu, na bado meno yakagongana. Hapo mlima wenyewe ukauliza, "Binti, waenda wapi?"

"Nimefika. Mbona wale unawapa, sisi unatunyima?"

Mlima haukukasirika. "Mvua siigawi mimi, binti. Upepo hutoka baharini umebeba mawingu. Kunipanda kunauchosha, basi unatua mzigo upande ule. Ukivuka kwenu hauna kitu. Niliwahurumia, nikajitwika barafu. Ikiyeyuka, maji hupita tumboni mwangu hadi kwenu, chini ya mawe meusi. Miaka yote yako pale. Kunitukana mmenitukana, kuchimba hamjachimba."

Aikande akashuka na aibu yake. Alipowaambia watu wakacheka, wakasema baridi imempanda kichwani. Akachimba peke yake. Siku ya kwanza, mawe. Siku ya pili, mawe. Siku ya tatu mwezi umeandama, mizigo iko vichwani, jembe likatoka na tope. Kisha maji. Watu wakatua mizigo bila kuambiwa.

Wa kwanza kunywa alikuwa Bi Ndekirwa. Yalikuwa baridi hadi yakamtia ganzi. Akalia. "Aliyeanza kuuita Mchoyo ni mimi," akasema.

Akaomba ageuzwe uso kuelekea mlima. Mkononi alishika jani la sale, ambalo kwao ukipelekewa huwezi kukataa kusamehe. Akaliinua juu.

"Utusamehe, Mlezi."

Mlima ukaitwa Mlezi tangu siku ile.

Basi, wanangu, kabla hujamwita mtu mchoyo, nenda kamwulize. Nami nilikuwepo, nikaomba kikombe. Wakaniuliza jembe langu liko wapi. Yangu yameishia hapo. Mwenye maji anipe, koo limekauka.