Maziwa ya Bihogo

Siku ya tamasha la afya, uwanja wa mpira wa Nyakatuntu ulifurika watu pomoni. Waliokosa nafasi walipanda miti, na vijana wa bodaboda walisimama juu ya viti vya pikipiki zao. Ngoma zilirindima, kwaya zikashindana, na kila wimbo ukaishia kwa kibwagizo kimoja: "Maziwa yachemshwe!" Mshindi wa kucheza alikuwa Mzee Ndyamukama, mfugaji mashuhuri, aliyerusha miguu kama ndama aliyefunguliwa kamba.

Yudesi, afisa afya wa kata aliyeandaa tamasha hilo, hakuweza kutulia kwa furaha. Maziwa mabichi yalikuwa yakiwaambukiza watu homa, na homa hiyo ilikwisha kuharibu mimba mbili za Ankunda, mkaza mwana wa Ndyamukama na shoga wa Yudesi tangu utotoni. Sasa Ankunda alikuwa mjamzito tena, na Yudesi alikuwa ameapa kwamba mtoto huyu hatapotea.

"Dada Yudesi, umeua!" alisema Shabani, mwenye duka aliyeazimisha vipaza sauti. "Umati wote huu! Peleka taarifa wilayani, sema tumefaulu."

"Ngoja kwanza," Yudesi alijibu akicheka. "Kesho naenda kwa Mzee Ndyamukama. Mgeni kule hupewa maziwa. Nikiyaonja nitajua kama tumefaulu."

Kesho yake alifika, akapiga hodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu! Ankunda, mletee mgeni maziwa!"

Kibuyu kikaja. Yudesi alipiga funda moja tu, moyo ukamwanguka. Maziwa yalikuwa na povu bado, yenye uvuguvugu wa kiwele.

"Baba, si jana tuliimba pamoja yachemshwe?"

"Tuliimba, tena mimi niliwashinda wote!" mzee alisema kwa majivuno. "Lakini wimbo ni wimbo, mwanangu. Ukiyapeleka maziwa motoni, ng'ombe aliyeyatoa huchubuka chuchu, kisha hukauka. Ndivyo tulivyorithi."

Ankunda aliinamisha uso, mkono tumboni. Yudesi alijionea aibu. Angeweza kurudi ofisini akaandika jinsi uwanja ulivyojaa, na hakuna ambaye angemuuliza zaidi. Badala yake alivua viatu, akaingia jikoni, akapiga magoti mbele ya mafiga na kupuliza moto mpaka machozi yakamtoka.

"Baba," aliita kutoka ndani ya moshi, "nipe ng'ombe mmoja tu. Maziwa yake yachemshwe kila siku, na Ankunda asinywe mengine. Ng'ombe huyo akichubuka au akikauka, nitakuletea mtamba wangu niliyepewa na marehemu baba."

Macho ya mzee yaling'aa. "Mtamba? Haya, mchukue Bihogo! Usije ukalia baadaye."

Habari zilienea upesi kuliko matangazo yote ya Shabani. Kila alfajiri Yudesi alikuja kuinama jikoni kabla ya kwenda kazini, na kila alfajiri majirani walijaa zizini kuchungulia kiwele cha Bihogo. Wengine walikuwa upande wa mzee, wengine upande wa Yudesi, na ubishi wao uliwaamsha hata kuku. Bihogo mwenyewe alicheua tu, hana habari na mtu.

Asubuhi moja Bihogo akakamuliwa, hakutoa hata kikombe.

"Amekauka!" Ndyamukama aliruka. "Si nilisema? Leta mtamba!"

Majirani wakapiga yowe. Yudesi hakuwa akimuwazia mtamba, alikuwa akimuwazia mtoto wa Ankunda. Mara Ankunda akaita kutoka nyuma ya zizi, "Jamani, njooni mwone!"

Ndama wa Bihogo alikuwa amekata kamba usiku. Alisimama pale tumbo ndii, mdomo umejaa povu, anawatazama kwa macho ya upole kana kwamba hajui kosa lake. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na mzee akacheka kuwapita wote. Siku hiyohiyo, alipoona Bihogo hakukauka wala kuchubuka, aliamuru maziwa yote ya nyumba yake yachemshwe.

Basi majirani nao wakamfuata, mchezo ukawa huo. Yudesi alipita nyumba kwa nyumba, na kila alipokaribishwa maziwa, yalimuunguza ulimi. Alitembea njiani akicheka peke yake, ulimi unawasha, moyo mweupe.

Ankunda alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Ndyamukama alimpokea mjukuu mikononi, akalia waziwazi bila kujificha.

"Uwanjani ulituambia, mwanangu, tukakupigia makofi," alimwambia Yudesi. "Ulipopiga magoti jikoni kwangu, ndipo tulipokusikia."

Shabani, aliyekuja na kanga ya mzazi, alitikisa kichwa kwa mshangao. "Dada, sasa je, tupeleke taarifa?"

"Sasa tuipeleke," Yudesi alisema, akimfuta Ankunda jasho.

Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.