Hati ya Kumenya Vitunguu

Palikuwa na sultani, Haroub jina lake, aliyependa mihuri kuliko wenzake wanavyopenda halua. Mji wake ulikuwa na kisima kimoja, na kila ukuta wake ulipobomoka wanawake waliujenga wenyewe, huyu jiwe, huyu chokaa, bila malipo. Sultani akaona hiyo ni fujo. Akaamuru: anayeleta jiwe alete na hati yenye muhuri wa kadhi, kwamba jiwe ni lake, mumewe ameridhia, na wajukuu zake hawatakuja kulidai.

Nani ana siku nzima ya kukaa mlangoni kwa kadhi na watoto hawajala? Wanawake wakaacha. Kisima kikaporomoka, watoto wakawa wanakunywa maji ya dimbwi na kuharisha. Sultani hakuwa na habari. Maji yake yaliletwa na punda kutoka mji wa pili.

Ikafika harusi ya binti yake. Wanawake wa mji wakaja kusaidia kupika, kama desturi, na visu vyao na miiko yao. Wakakaa chini. Hawakugusa kitu. Sultani akatoka, kilemba kimekwenda upande.

"Mbona meko baridi?"

Akajibu Bi Mize, msuka mikeka, mjane asiye na kitu ila ulimi.

"Tunangoja hati, Bwana."

"Hati za nini?"

"Za kumenya vitunguu. Kisu hiki ni cha shemeji yangu, naye kasafiri."

"Na huyu mwenye mwiko?"

"Mwiko ni wa mama mkwe wake. Anataka kwanza asomewe masharti, na ni kiziwi."

"Basi imbeni tu, watu wajue kuna harusi."

"Nyimbo tulifundishwa na bibi zetu. Tumetuma mtu makaburini akachukue sahihi."

Waziri akacheka, akajifanya anakohoa.

"Sheria ile ni ya kisima, mwanamke."

"Kisima ni cha wote na kinataka hati. Sembuse pilau yako peke yako?"

Ngoma ya bwana harusi ikasikika njia panda. Sultani akafuta jasho.

"Wewe ungefanyaje?"

"Aliyeleta jiwe mwenyewe, mchana, mbele za watu, ameshasema ametoa. Unataka aseme mara ngapi?"

"Na akileta la wizi?"

"Mwenyewe atalifuata, tutamrudishia. Mpaka leo hajaja mtu."

"Haya, sheria nimeifuta. Washeni moto."

Wanawake wakainuka wote, wakaelekea langoni.

"Mnakwenda wapi tena?"

"Kisimani, Bwana. Au mchele wote huu tuuoshe kwa wino? Nawe ukiwa na jiwe, njoo nalo. Hatutakuuliza la nani."