Aibu Iliyosikika Alasiri

Wema waliotutangulia wamepokezana ya kwamba katika mji mmoja wa Iraki aliishi mwanamke mchamungu aitwaye Raihana binti Asimu, na kazi yake ilikuwa udalali wa nyumba. Desturi ya mji ule ilikuwa dalali asimame kizingitini pamoja na mnunuzi na mashahidi wawili, aweke mkono wa kulia juu ya mwimo wa mlango, kisha ataje aibu zote za nyumba anazozijua. Akimaliza kwa kusema, "Sijui nyingine," mauzo yamefungwa na hakuna kurudi.

Siku moja alijiwa na mjane, Lubaba, mwenye mabinti watatu. Eda yake ilikuwa imekwisha, na shemeji yake amemtaka atoke nyumbani mwake kabla ya Ijumaa. Raihana alikuwa na nyumba moja tu ya kumwonyesha, mali ya mtia rangi nguo aitwaye Mihjani, iliyopakana na msikiti mdogo.

Nyumba ilikuwa nzuri. Lakini Raihana aliwahi kuingia humo peke yake wakati wa alasiri, akasikia maji yakimiminwa katika chumba cha kuogea, kwa mpangilio wa mtu anayetawadha. Viganja, mara tatu. Kinywa, mara tatu. Pua, uso, mikono hadi viwikoni, na baada ya kitambo, mguu wa kulia. Akangoja mguu wa kushoto. Haukuoshwa. Alipochungulia, chumba kilikuwa kitupu na sakafu kavu. Alirudi siku mbili zaidi kwa wakati uleule, na mara zote mguu wa kushoto haukuoshwa.

Akamweleza Mihjani. Mihjani akacheka, ila hakumtazama usoni.

"Bi Raihana, unauza nyumba au unauza hofu? Tangaza hayo uone kama kuna atakayekupa hata banda la kuku uliuze. Watakuita dalali wa majini!" Kisha akapunguza sauti. "Mlete asubuhi. Hutasema uongo wowote. Utanyamaza tu."

Raihana alimhurumia mjane, akamleta wakati wa dhuha. Mabinti walikwisha kugawana vyumba na kugombania dirisha. Mashahidi wakasimama. Raihana akaweka mkono juu ya mwimo, akataja ufa wa dari na mlango wa jiko usiofunga vizuri. Watu wakangoja yale maneno mawili ya mwisho. Ndani kulikuwa kimya kabisa, na ukimya ule ulimtisha kuliko sauti, kana kwamba yumo mtu humo anayesikiliza atakalosema.

"Najua nyingine," akasema, na akaieleza yote.

Mihjani akafoka. Lubaba akauliza kwa utaratibu, "Je, inadhuru?"

"Sijui, dada yangu. Nakwambia nilichosikia. Nisichokijua sikuongezei."

Lubaba akafikiri. "Shemeji yangu huu mwaka wa tano sijamwona akitawadha. Huyu angalau anajitahidi." Mashahidi wakacheka. "Lakini tungoje alasiri," akasema. "Nataka nisikie mwenyewe."

Adhana ya alasiri ilipokwisha, maji yakaanza. Hakuna aliyecheka tena. Walifuata kiungo baada ya kiungo mpaka mguu wa kulia, kisha pakawa kimya, na wote wakaikodolea macho sakafu kavu wakingoja. Mihjani akaugusa ukuta wa chumba kile.

"Baba yangu alisogeza ukuta," akasema. "Hapa palikuwa mahali pa udhu pa msikiti. Alipowatoa waumini, walikuwa bado wanatawadha."

Lubaba akawashika wanawe mikono. "Basi sinunui kisicho chako." Ilikuwa Jumatano, naye hakuwa na pengine pa kwenda.

Raihana akamgeukia Mihjani. "Rudisha ukuta ulipokuwa, nami nitasimama tena kizingitini."

Jioni ileile waashi wakaitwa. Walipobomoa walikuta jiwe la kukalia, lililofunikwa na chokaa kwa miaka arobaini. Juu yake palikuwa na maji.

Alhamisi Raihana akaweka mkono juu ya mwimo, akasema, "Sijui nyingine." Lubaba na wanawe wakahamia kabla ya magharibi, katika nyumba iliyopungua chumba kimoja.

Watu walimuuliza Raihana ni nani aliyekuwa akitawadha. Akawajibu, "Sikumwona, kwa hiyo simsemi. Ninachojua ni kwamba nilikaribia kumuuzia mjane haki ya msikiti, na ulimi wangu usingekuwa umetamka uongo hata mmoja."

Ndugu yangu unayewatafutia watu makazi, hilo ndilo la kuliogopa. Tumezoea kuyapima maneno tuliyoyasema. Mola Mjuzi atatuuliza pia juu ya saa tuliyoichagua kumleta mnunuzi.